Mississippi John Hurt: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikipiga "Louis Collins", wimbo wa Mississippi John Hurt, mbele za watu, wimbo ukiisha hufuata maswali yaleyale. Huyu ni nani? Mbona gitaa moja linasikika kama mawili? Na mbona mzee anaimba habari za mauaji kwa sauti ya kumbembelezea mtoto? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Penye jambo ninalolipenda zaidi nimerefusha, na sioni haja ya kuomba radhi.

Mississippi John Hurt alikuwa nani?

John Smith Hurt alikuwa mkulima, kibarua na mpiga gitaa mweusi wa Marekani. Alizaliwa Teoc, katika wilaya ya Carroll, jimbo la Mississippi. Vitabu vingine vinaandika 1892, vingine 1893. Angali mdogo, familia yake ilihamia kijiji cha jirani kiitwacho Avalon, na hapo ndipo alipoishi karibu umri wake wote. Alifariki tarehe 2 Novemba 1966 huko Grenada, katika jimbo hilohilo.

Dunia ilimsikia mara mbili tu: mwaka 1928, halafu tena kuanzia 1963 hadi kifo chake. Katikati pana miaka 35 ya jembe, pamba na ng'ombe wa watu.

Gitaa alifundishwa na nani?

Hakufundishwa. Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja, William Henry Carson, aliyekuwa akimchumbia mwalimu wa shule aliyepanga nyumbani kwa akina Hurt. Carson alipokuja kumtembelea mchumba wake alilala hapohapo, na gitaa lake lililala pembeni. Mtoto John alisubiri mgeni apitiwe na usingizi, akalichukua gitaa na kwenda kulijaribu kimyakimya. Mama yake alipoona nia yake ni ya kweli akamnunulia lake kwa dola moja na senti hamsini. Alikuwa na miaka kama tisa.

Ukiulizwa kwa nini mtindo wake haufanani na wa mtu mwingine, jibu limo humo. Alijifunzia gizani, akiogopa kumwamsha mtu. Uzeeni alieleza kwamba alilipiga gitaa namna alivyoona yeye kwamba linapaswa kulia, basi.

Kwa nini aliitwa "Mississippi"?

Ni kampuni ya santuri, OKeh, iliyombandikia jina hilo ili santuri ziuzike. Pale kijijini alikuwa John tu.

Mkulima wa Avalon alifikaje studio mwaka 1928?

Kupitia kwa jirani. Kijijini kulikuwa na mpiga fidla mzungu, Willie Narmour, ambaye kwa kawaida alipiga na mwenzake Shell Smith. Smith asipopatikana, Narmour alimchukua Hurt wakaenda kupiga kwenye dansi. Narmour alipopata nafasi ya kurekodi na OKeh, alimwambia mtayarishaji Tommy Rockwell kwamba kuna mtu mwingine hapa wa kusikilizwa. Rockwell akamsikiliza, akamwita Memphis.

Tarehe 14 Februari 1928 Hurt alirekodi nyimbo nane Memphis. Zikatolewa mbili tu, "Frankie" na "Nobody's Dirty Business". Baadaye alisimulia jinsi alivyowekwa kwenye kiti ndani ya ukumbi mkubwa wenye watu watatu tu, yeye, Rockwell na fundi mitambo. Maikrofoni ikasogezwa hadi mdomoni, akaambiwa asigeuze kichwa kabisa. Kwa woga na kukaza kichwa, shingo ilimuuma siku kadhaa. Mtu aliyezoea kupiga huku watu wakicheza mbele yake, leo anatazamana na chuma!

Desemba mwaka huohuo aliitwa New York, akarekodi tarehe 21 na 28. Baridi, jiji geni, Krismasi mbali na nyumbani. Huko ndiko alikotunga "Avalon Blues", wimbo wa mtu anayekikumbuka kijiji chake na kusema kwamba New York ni jiji zuri lakini si la kwake. Ushike wimbo huo kichwani, tutaurudia.

Kisha ikawaje akanyamaza miaka 35?

Santuri zake hazikuuzika sana, na mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaporomoka. Watu waliokuwa wakinunua santuri wakawa hawana hata fedha ya chakula, na kampuni za santuri zikaanguka pamoja na biashara nyingine. Hakuna aliyemwita tena.

Lakini neno "kunyamaza" mimi silipendi. Alirudi Avalon akalima, akafanya vibarua, akalea familia na mkewe Jessie, na jioni za Jumamosi akawapigia majirani. Kijijini kwake muziki haukukoma.

Alipatikanaje mwaka 1963?

Hapa ndipo penye kisa chenyewe, kwa hiyo tulia.

Mwaka 1952 mkusanyaji Harry Smith alitoa kupitia kampuni ya Folkways mkusanyo mkubwa wa santuri za zamani za Kimarekani. Ndani yake alitia nyimbo mbili za Hurt, "Frankie" na "Spike Driver Blues". Vijana wa mijini wa miaka ya hamsini, waliokuwa wakijifunza gitaa kwa kusikiliza, wakakwama hapo. Walimsikia mtu anayepiga besi na sauti ya juu kwa pamoja bila kukosea, na hakuna aliyejua kama yu hai. Wengi walidhani amekufa zamani.

Ndipo nakala ya "Avalon Blues" ikawafikia wapenzi wa santuri wa Washington. Walisikiliza maneno: mtu huyu anasema kwao ni Avalon. Wakatafuta Avalon kwenye ramani za kisasa za Mississippi, hawakuiona. Wakaipata kwenye atlasi ya karne ya 19, kati ya Greenwood na Grenada. Mmoja wao, Tom Hoskins, akawasha gari mwezi Machi 1963 akaenda. Alipofika kwenye duka la kijijini akauliza kama kuna mtu amewahi kumsikia John Hurt. Wakamwonyesha njia: shuka hapo, nyumba yake ile kule.

Hurt hakuwa na gitaa wakati huo. Hoskins alikuwa na lake. Mzee akalishika, vidole vikiwa vizito kwa kazi za shamba, na ingawa mwanzoni vilisitasita, mpigo ulikuwa uleule wa 1928.

Wimbo alioutunga kwa kukumbuka nyumbani ndio uliowaelekeza watu nyumbani kwake, baada ya miaka 35. Ningeusoma katika hadithi ya kubuni, ningesema mwandishi amezidisha.

Je, ni kweli alidhani Hoskins ni mpelelezi wa FBI?

Ndiyo, mwenyewe alisimulia hivyo. Mzungu mgeni anasimamisha gari mlangoni na kutaka kujua kama wewe ndiye John Hurt: alihofia kwamba ametafutwa kwa kosa asilolijua.

Wengine husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi sicheki, maana ukiutazama mwaka na mahali, hofu yake ilikuwa na msingi. Mwaka 1955 kijana Emmett Till, mwenye miaka 14, aliuawa na wazungu baada ya tukio lililoanzia kwenye duka la kijiji cha Money, si mbali na Avalon. Mapema mwaka 1963 Greenwood, mji wa karibu, ulikuwa katikati ya mapambano ya kuwaandikisha watu weusi kupiga kura, na walioandikisha walishambuliwa. Mwezi Juni mwaka huohuo kiongozi wa haki za watu weusi, Medgar Evers, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake huko Jackson, mji mkuu wa jimbo. Mtu mweusi wa makamo ya Hurt aliyeishi Mississippi maisha yake yote alikuwa amejifunza kwamba mgeni mwenye maswali haleti heri.

Kwa hiyo "aligunduliwa upya"?

Maneno hayo yamo karibu katika kila makala juu yake. Kwa maoni yangu yanapotosha. Mtu aliyeulizwa dukani na wote wakajua nyumba yake hakuwa amepotea. Waliopotea ni wale waliokuwa wakimtafuta, kwa kuwa ramani zao zilikuwa zimeifuta Avalon. Ukiandika juu yake, andika kwamba alipatikana na wasikilizaji wapya. Wale wa zamani walikuwa naye siku zote.

Nimezoea bluzi ya kilio na vurugu. Mbona yake ni ya upole?

Kwa sababu yeye ni wa mkondo mwingine. Bluzi inayojulikana zaidi kutoka Mississippi ni ya tambarare za Delta, ya kina Charley Patton na Son House: sauti ya kukwaruza, nyuzi zinazopigwa kwa nguvu, chupa au chuma kikiteleza shingoni mwa gitaa. Avalon iko ukingoni mwa Delta, pale vilima vinapoanza, na Hurt aliimba kama mtu anayezungumza na aliyekaa naye baraza moja.

Tena nyimbo zake nyingi si bluzi kwa maana ya kitaalamu. Bluzi ya kawaida ina mistari mitatu: wa kwanza, unarudiwa, kisha wa tatu unajibu. Hurt anazo za namna hiyo, lakini amejaza pia nyimbo za visa, za kanisani, za dansi na za utani wa mapenzi. Alikuwa mwimbaji wa kijiji wa tangu kabla bluzi haijapewa sanduku lake. Jumamosi watu wanataka kucheza, Jumapili wanataka nyimbo za Mungu, na aliyeombwa ni yeye yuleyule.

Nyimbo zake zinasimulia nini?

Mauaji, mara nyingi. "Frankie" inatokana na kisa cha kweli cha St. Louis mwaka 1899, cha mwanamke Frankie Baker aliyempiga risasi mpenzi wake. "Stack O'Lee" nayo ni ya St. Louis: usiku wa Krismasi 1895 Lee Shelton alimuua Billy Lyons katika ugomvi uliohusu kofia. "Spike Driver Blues" ni tawi la kisa cha John Henry, mfanyakazi wa reli aliyekufa nyundo mkononi. Lakini sikiliza Hurt alivyokigeuza. Wengine wanamsifu John Henry kwa kufa kazini. Msimulizi wa Hurt anasema nyundo hii ndiyo iliyomuua John Henry, mimi haitaniua. Chukueni mkampe msimamizi, mwambieni nimeondoka. Ni wimbo wa kibarua anayegoma kwa miguu yake, na unaimbwa taratibu kabisa.

"Louis Collins" ndio ninaoupenda kuliko zote. Unaanza na mama anayelia, na kiitikio ni malaika waliomlaza marehemu. Aliyeua na sababu ya kuua vimepitiwa upesi. Anayebaki mbele yetu ni mama. Nadhani ndiyo maana sauti ni ya kubembeleza: anaimbiwa mfiwa.

"Candy Man" ni utani wa mapenzi. Usiuimbe mbele ya wakwe.

Anapigaje hadi gitaa moja lisikike kama mawili?

Siri ni kidole gumba. Kinatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, uzi wa chini, uzi wa juu yake, chini, juu, kama hatua za mtu. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinapiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na mara nyingi noti zao zinaangukia katikati ya hatua za gumba. Hapo ndipo mwili unapoanza kuyumba wenyewe.

Kumbuka alikuwa akipigia watu dansi peke yake. Hakuna ngoma, hakuna besi. Gumba ndilo ngoma. Likisita, watu wanasimama. Kwa hiyo gumba la Hurt halisiti hata anaposahau maneno, hata anapocheka katikati ya wimbo.

Naweza kujifunza mwenyewe?

Unaweza, na gitaa kavu la kawaida linatosha. Shika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya C. Kwa wiki nzima piga gumba tu: uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, polepole, huku ukizungumza na mtu. Ukiweza kujibu salamu bila gumba kukatika, uko tayari. Kisha ongeza kidole cha shahada kwenye uzi wa pili, kwanza pamoja na gumba, baadaye katikati ya hatua zake. Kodi ya F aliishika kwa kupitisha gumba la mkono wa kushoto juu ya shingo ya gitaa hadi uzi wa sita. Vidole vifupi vitalalamika mwanzoni.

Kosa ninalolisikia zaidi ni haraka. Watu wakishaweza mpigo wanaukimbiza. Hurt mwenyewe alikuwa na kasi nzuri mwaka 1928, lakini kila noti ilipata nafasi ya kupumua.

Je, kuna uhusiano na magitaa ya kwetu?

Swali hili naulizwa na kila mtu aliyekulia na santuri za Mwenda Jean Bosco, na wana haki ya kuuliza. Mwenda, wa Katanga, aliyeimba Kiswahili cha huko, naye alifanya kidole gumba kibebe besi wakati kidole kingine kinacheza juu. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi "Masanga" mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Sikiliza "Masanga" kisha "Frankie", moja baada ya nyingine. Hawakurithishana, kila mmoja alikabili tatizo lilelile la mtu mmoja, gitaa moja na watu wanaotaka kucheza. Lakini jukwaa walilipanda lilelile: Hurt alipiga kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani, mwaka 1963, na Mwenda akapiga hapohapo mwaka 1969.

Kuna uzi mwingine. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu kutoka Meridian, Mississippi, aliyeimba bluzi za watu weusi wa kwao kwa sauti ya kuvunjavunja. Santuri zake zilikuwa zimefika vilimani Kericho wakati za Hurt zimeshasahaulika hata kwao.

Alifaidika na umaarufu wa uzeeni?

Kwa miaka mitatu, ndiyo. Alihamia Washington na familia yake, akapiga kwenye kumbi za kahawa, vyuoni na kwenye matamasha, akarekodiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, akaonekana hata kwenye runinga katika kipindi cha Johnny Carson. Watu wa Newport walipotaka kumpatia gitaa, akachagua Guild F-30, gitaa dogo lisilo na mapambo. Waliomwona wanakubaliana juu ya kofia yake, tabasamu lake na upole wake kwa vijana waliomzunguka kumwomba awaonyeshe vidole.

Kisha akarudi Mississippi. Hakumaliza hata mwaka wa nne tangu apatikane.

Nani amejifunza kwake?

Orodha ni ndefu; nitaje wachache. Doc Watson, gwiji wa gitaa wa North Carolina, alipiga "Spikedriver Blues" yake. Stefan Grossman alikaa naye akajifunza, kisha akafundisha maelfu kwa vitabu na masomo. Tom Paxton alimtungia wimbo. Kundi la Lovin' Spoonful lilichukua jina lake kutoka kwenye maneno ya "Coffee Blues" ya Hurt. Mwaka 2001 ilitoka albamu ya kumuenzi, nao Taj Mahal, Lucinda Williams, Gillian Welch, Beck na wengine wakaimba nyimbo zake.

Lakini urithi mkubwa uko kwa watu wasio na majina. Ukienda kokote wanakofundisha gitaa la kupiga kwa vidole, wimbo wa kwanza au wa pili unaofundishwa ni wake, na mara nyingi mwanafunzi hata haambiwi umetoka kwa nani. Hilo lanisikitisha, na ni sababu mojawapo ya kuandika haya.

Nianze na rekodi zipi?

Anza na zile za 1928. Zimebaki 13 tu, na zote pamoja ni takriban dakika 40. Sauti ina mikwaruzo ya santuri. Vumilia nyimbo mbili za kwanza, sikio litazoea. Kisha nenda kwenye albamu "Today!" iliyotolewa na Vanguard mwaka 1966, yenye sauti safi, ambapo mzee wa zaidi ya miaka 70 anaimba chini kidogo, taratibu zaidi. Wapo wanaosema za uzeeni ni bora. Mimi nabaki na za 1928 kwa gumba, na za uzeeni kwa sauti.

Avalon pamebaki nini?

Kaburi lake lipo msituni karibu na kijiji, kwenye makaburi ya St. James. Nyumba yake ndogo ya mbao ilikuwa imefanywa makumbusho, ikitunzwa na ukoo wake, lakini iliteketea kwa moto mwezi Februari 2024. Atlasi zisizo na Avalon bado ni nyingi. Ukitaka kufika, shika barabara ya kati ya Greenwood na Grenada, halafu uulize.